Tulipokwama kati ya Adam na Haima, Oman

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliniandikia wiki iliyopita: "Kaka shikamoo. Nataka kuuza pikipiki nimlipe wakala nije huko Oman. Ila watu wananichanganya. Huyu anasema Waarabu wana roho nzuri kuliko ndugu zako wa damu, yule anasema ukianguka njiani wanakuruka. Wewe uko huko, niambie ukweli, usinipambie."

Marahaba mdogo wangu. Swali hilo naulizwa kila nikipiga simu Tanga, kwa hiyo leo najibu kirefu, na wengine mnaouliza chinichini msome humuhumu.

Nianze na kukwama njiani, maana nimekwama kweli. Idi Kubwa ya mwaka 2022 iliangukia Julai. Mwezi huo Muscat hakukaliki, ukishika kitasa cha gari mchana unaruka. Lakini Salalah kule kusini ndiyo inakuwa msimu wa kharif: ukungu, manyunyu, vilima vya kijani, minazi, migomba, madafu yanauzwa kando ya barabara. Mtu wa Tanga akifika pale anaweza kulia. Nilikuwa sijawahi kwenda. Tukajikusanya watatu: mimi, Mpemba mmoja ninayekaa naye chumba pale Ruwi, mtaa wa Muscat, na Mganda mlinzi ambaye Kiswahili amejifunzia Oman hukuhuku kwa sababu yetu. Gari ni langu, dogo, kuukuu, nililinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao.

Hapa niseme kosa langu. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umechoka na nilijua. Wiki nzima nilikuwa naona maji yanatoa jasho pale kwenye klipu. Nikasema nitabadilisha nikirudi.

Muscat mpaka Salalah ni kama kilomita 1,000. Ukishapita mji wa Nizwa, kisha wa Adam, milima inakwisha na inabaki nchi bapa kama sinia, rangi ya biskuti, huku na huku. Kutoka Adam hadi Haima ni zaidi ya kilomita 200, na vituo vya mafuta njiani ni vya kuhesabu. Kwenye saa nne na nusu asubuhi kiyoyozi kikaanza kupuliza joto. Nikatazama mshale, umeshalala kwenye nyekundu. Halafu mvuke ukatoka pembeni ya boneti, nikaegesha.

Mpemba akashuka mbio kutaka kufungua mfuniko wa rejeta. Nikampiga mkono. Rejeta ya moto ukiifungua maji yanakurukia usoni, na hospitali iko wapi pale? Tukafungua boneti tu, tukakaa upande wenye kivuli cha gari, kivuli chenyewe upana wa mkeka wa kuswalia. Kandambili za Mganda zilikuwa zinanata kwenye lami. Maji tuliyobakiwa nayo ni chupa tatu ndogo za kunywa.

Magari yalipita. Niliacha kuhesabu yalipofika 60. Sisemi watu wabaya: barabara ile gari linakwenda 120, ukimwona mtu umeshampita, na siku ya Idi kila gari limejaa watoto. Lakini ukweli uliuomba, basi ndio huo. Wengi walipita.

Wa kwanza kusimama alikuwa dereva wa lori, Mpathani wa Pakistani, ndevu nyekundu za hina, shati refu mpaka magotini. Hakusalimu sana. Alichungulia injini, akaushika mpira kwa kitambaa, akacheka. Ulikuwa umepasuka karibu kabisa na mwisho, urefu wa kidole. Akaenda kwenye lori lake akarudi na bisibisi, kisu na dumu la maji la lita 20. Akalegeza klipu, akauvua mpira, akaukata pale palipochanika, akauvuta kilichobaki mpaka ukafika, akakaza. Dakika kumi haziishi. Mimi na yeye tulikuwa tunazungumza Kiarabu cha sokoni, sarufi hata moja haikusalimika: "moya shwei-shwei", yaani maji pole pole, tusije tukapasua injini kwa kumimina baridi kwenye moto. Dumu akatuachia. Dumu lenyewe, na maji yake. Yeye ndiye mtu maskini kuliko wote waliopita barabara ile asubuhi hiyo, na nina hakika mshahara wake ni mdogo kuliko wangu.

Lori halijaondoka, Hilux nyeupe ikapita, ikapunguza mwendo, ikarudi kinyumenyume pembeni ya barabara. Akashuka kijana wa Kiomani, kanzu safi ya Idi, kilemba kichwani. Akauliza tunatoka wapi. Nikasema Tanzania. "Ah, Zinjibar!" Kwao Tanzania nzima ni Zanzibar, Tanga usijisumbue kuieleza. Akapiga simu, akanipa. Upande wa pili sauti ya mtu mzima, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Hamjambo? Mmeumia? Basi msiwe na wasiwasi, huyo tunafanya kazi pamoja, mfuateni." Ni Mwomani ambaye mama yake alizaliwa Unguja, wapo wengi hapa, wengi wao wazee wao waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 au walirudi miaka ya sabini. Nilivyosikia Kiswahili katikati ya mchanga ule, mdogo wangu, koo lilinikaba. Mpemba aligeuka akajifanya anafunga boneti.

Yule kijana alitufuata nyuma mpaka Haima, sisi 60 kwa saa, yeye kawasha taa za hadhari, akitukinga na magari yanayokuja kasi. Pale Haima fundi wa gereji alikuwa anafungua jioni kwa ajili ya Idi, kwa hiyo akatupeleka kwao. Wali, nyama ya Idi, sinia moja, tukala kwa mikono na baba yake na wadogo zake. Halafu kahawa na tende. Kahawa yao unapewa kikombe kidogo kisicho na mkono, na ukikirudisha bila kukitikisa anajaza tena. Mganda hakujua. Alikunywa vikombe vitano, macho yamemtoka, mpaka Mpemba akamnong'oneza, "Kitikise, bwana!" Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi.

Jioni mpira mpya ukafungwa. Nikamkunjia kijana rial 10 mkononi, ambazo kwangu si kidogo. Akarudisha mkono nyuma kama ameungua. "Eib," akasema. Hilo halikuhitaji mkalimani, ni aibu yetu hiihii.

Sasa nikiishia hapo, utauza pikipiki kesho asubuhi. Ndiyo maana sitaishia hapo.

Kwa sababu ya gari lile tulichelewa kurudi, nikafika kazini siku moja baada ya likizo. Nilipeleka risiti ya gereji, nilipeleka picha za barabarani. Nilikatwa mshahara wa siku mbili kwa siku moja, na hakuna aliyeniuliza kama nilipata maji ya kunywa. Nchi ni hiihii, wiki ni hiyohiyo. Yule wa Haima alinikuta mgeni, na mgeni kwa mtu wa jangwani ana haki yake hata kama ni adui. Kazini mimi si mgeni. Ni namba kwenye karatasi ya mishahara. Nimekaa miaka nikijaribu kuamua yupi kati ya hao wawili ndiye Oman yenyewe, nikaacha.

Na mimi ni mwanamume, nina leseni, nina gari, nikigombana na mtu natoka nje. Dada zetu wa kazi za ndani hawana barabara ya kukwama. Wamo ndani ya nyumba, na nani atapita awaone? Kisheria mwajiri haruhusiwi kukaa na pasipoti yako bila ridhaa yako, lakini ninaowajua ambao zao ziko kabatini kwa bosi ni wengi kuliko vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima juu ya Watanzania wa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, mishahara isiyolipwa, vipigo. Wapo pia waliopata nyumba nzuri, wanapelekwa Umra na bosi, wanajenga kwao. Wote hao walipanda ndege moja.

Mambo mengine yamelegea kidogo. Zamani kuhama kwa mwajiri ilibidi upate barua ya bosi wa zamani kwamba hana pingamizi. Tangu Januari 2021 sharti hilo limeondolewa kwa aliyemaliza mkataba. Mimi lilinifaa.

Halafu hii habari ya kwamba Waarabu wana roho nzuri kuliko ndugu zako. Unakumbuka basi lilipotufia karibu na Mkata, wewe bado mdogo, unasoma la pili? Utingo aliweka matawi barabarani, na wale kina mama wakatoka na chai ya rangi na mihogo. Mmoja alikubeba mgongoni mpaka kwenye banda lake ukalala, mama hakumjua hata jina. Hakutuuzia chai ile. Kwa hiyo si kwamba huku nimegundua kitu kisichokuwepo kwetu. Ila Mkata nilikuwa na Kiswahili changu, na Haima sikuwa na kitu, ndiyo maana nimeikumbuka zaidi.

Kwa upande wangu, siku hizi buti la gari lina lita 20 za maji, klipu mbili, bisibisi na mpira wa akiba. Dumu ni lilelile la Mpathani. Nimeshasimama mara tatu kwa watu, na mara nyingi zaidi, sikufichi, nimepita.

Huyo wakala usimpe hata senti kwanza. Mwambie akutumie mkataba wenye jina la mwajiri, kazi, mshahara kwa rial, na nani anashika pasipoti. Akisema mkataba utausainia ukifika, pikipiki usiiuze. Akiutuma, nipigie picha kurasa zote, siyo ya kwanza tu, nami Ijumaa sina kazi, nitampelekea yule mzee wa Kiswahili cha Unguja anisomee Kiarabu chake.