Somo la afya na mwendo si kipindi cha mpira

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mtoto akiingia sekondari ya juu akataka kusoma afya na michezo badala ya fizikia, mzazi afanyeje? Naandika kutoka New South Wales, Australia, ambako somo hilo lipo rasmi darasa la 11 na la 12. Wanaliita Sayansi ya Afya na Mwendo, na kuanzia 2025 lilianza kuchukua nafasi ya somo la zamani la afya na elimu ya viungo. Binti yangu analisoma. Mimi ni mhudumu wa wazee, kwa hiyo nina upande. Nasema mwachieni, ila kwanza mjue ni somo gani, kwa sababu wazazi wanalikataa kwa jambo ambalo halimo, na watoto wengine wanalichagua kwa jambo hilohilo.

Kwenye shughuli zetu za huku, iwe harusi iwe arobaini, ukisema mwanao anasoma kemia na hesabu za juu unapewa hongera. Ukitaja afya na mwendo, utaulizwa, "Kwa hiyo anacheza mpira shuleni?" Hachezi. Mtihani wa mwisho ni wa kuandika, na hakuna anayepimwa mbio. Mtoto anayekimbia kama swala lakini hawezi kupanga hoja kwenye karatasi atafeli vizuri tu.

Chukueni mada ya nishati. Misuli ina akiba ndogo sana ya nguvu ya papo kwa papo, inayotosha kama sekunde kumi za kufyatuka. Hizo ndizo mbio za mita 100. Ikiisha, mwili unavunja sukari bila kungoja oksijeni, na ndipo miguu inapoanza kuwaka moto. Mfumo wa tatu, wa oksijeni, unachelewa kushika kasi lakini ndio unaobeba mwendo mrefu. Mitatu yote inafanya kazi pamoja tangu hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni nani anabeba mzigo zaidi. Na ile laktati, zao la kuvunja sukari tuliloambiwa zamani kuwa ni sumu ya misuli, moyo wenyewe unaichoma kama mafuta.

Binti yangu aliponieleza hayo nikamtajia Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimkimbiza hadi mstarini, na ingawa alikuwa wa pili, naye alivunja rekodi ya zamani. Binti yangu aliitafuta video, akaitazama na daftari mkononi. Sisi tuliokulia Tanzania tunasimulia mbio zile kama ujasiri. Yeye alitaka kujua kwa nini mtu atoke kasi hivyo mapema ilhali mzunguko wa mwisho ndio unaouma, na kuwa mbele peke yako ukikata upepo kunakugharimu nini. Akaandika kurasa mbili. Sikumbuki lini mtoto wangu mwingine yeyote aliandika kurasa mbili bila kusukumwa.

Upande wa mwendo ndio unaonigusa kazini. Mzee akishindwa kunyanyuka kwenye kiti, wengi wetu tunamshika kwapa na kumvuta, tukimuumiza bega na sisi kujiumiza mgongo. Tazama mwili unavyotaka: makalio yasogee ukingoni mwa kiti, nyayo zirudi nyuma ya magoti, kifua kiiname mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, hapo uzito umeshahamia miguuni na mapaja yanamaliza kazi. Mzee aliyekuwa akiinuliwa na watu wawili anaweza kusimama kwa kuguswa mgongoni tu. Mimi nilifundishwa hili nikiwa mtu mzima, kwenye mafunzo ya kazi. Binti yangu amefika kwenye egemeo na wenzo wa mifupa akiwa na miaka kumi na sita, na anajua kwa nini misuli ya paja ikinyauka mzee anaanza kuanguka.

Nusu nyingine ya somo ni afya ya jamii, na hiyo ndiyo ambayo wazazi hawaijui kabisa. Wanasoma Medicare, bima ya afya ya taifa iliyoanza 1984, inalipia nini na inamwachia nani bili. Wanasoma Azimio la Ottawa la 1986, la Shirika la Afya Duniani, kwamba afya haijengwi hospitalini peke yake: kuna sera, mazingira, nguvu ya jamii kujiamulia, stadi za mtu mmoja mmoja, na huduma zinazokwenda kwenye kinga badala ya kungoja wagonjwa. Alinisomea haya kama habari mpya. Nikamwambia ampigie bibi yake Singida.

Bibi akamsimulia kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha vipindi, watu wakakusanyika kwa vikundi vijijini kusikiliza, kiongozi akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kisha wakaamua la kufanya wiki ile: kufyeka, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Walishiriki watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Bibi hakuishia hapo, alieleza na nani alikwepa zamu ya jembe, kwa jina, baada ya miaka hamsini. Mjukuu akahesabu: miaka kumi na tatu kabla ya Ottawa. Akapeleka mfano huo darasani, na mwalimu akampa dakika za kuueleza kwa wenzake.

Somo haliwafichi na aibu za nchi yao. Takwimu za 2020 hadi 2022 zinaonyesha kuwa mwanamume wa jamii za wenyeji asilia wa Australia na visiwa vya Torres Strait anatarajiwa kuishi miaka 71.9, pungufu kwa miaka 8.8 kuliko mwanamume asiye wa jamii hizo. Kwa wanawake ni 75.6, pungufu kwa 8.1. Mwanafunzi anatakiwa aeleze sababu: makazi, umbali wa kliniki, ajira, historia ya kunyang'anywa ardhi, na kliniki ambazo jamii hizo zimeanzisha na kuziendesha zenyewe. Akijibu kwamba "watu wajitunze", hapati alama.

Sasa alama, maana najua hapo ndipo roho zenu zilipo. Huku cheo cha kuingilia chuo kikuu, ATAR, kinatokana na uniti (vipimo vya ukubwa wa somo) kumi bora, mbili kati yake lazima ziwe za Kiingereza. Alama za kila somo hurekebishwa kulingana na uwezo wa kitaaluma wa wanafunzi wote waliolisoma. Kwa hiyo wanaosema fizikia "inapandishwa" zaidi hawajatunga. Wanachosahau ni kwamba anayeburuta mkia kwenye fizikia hapandishwi na chochote. Mtoto apimwe kwa anachoweza kukifanya vizuri, siyo kwa sifa ya somo kanisani.

Ila asiliweke peke yake. Akitaka tiba ya viungo, uuguzi au sayansi ya mazoezi, aliambatanishe na baiolojia, na kemia kama anaiweza, pamoja na hesabu za kiwango cha kati. Mwaka wa kwanza chuoni hauna huruma na asiyejua kemia. Kama hapendi kuandika, mkatazeni. Kama hapendi kazi ya kundi, mwonyeni: darasa la 11 kuna uchunguzi wa pamoja ambapo wanafunzi wanachagua swali, wanakusanya data na kuandika matokeo wakiwa kundi. Kundi la binti yangu lilichunguza simu na usingizi. Mmoja wao hakufanya chochote mpaka wiki ya mwisho, wakagombana sebuleni kwangu, na ripoti ikaenda ikiwa na majina yote manne.