Bega limegoma tangu chanjo ya mafua: nidai wapi?

SWALI: Asalaam aleikum, wakili. Nalea wazee hapa Columbus, Ohio. Oktoba iliyopita tulipangwa foleni kazini tuchanjwe mafua. Mchanjaji amesimama, mimi nimekaa; badala ya kunivua mkono wa blauzi akavuta kola, akachoma juu kabisa, karibu na mfupa. Usiku uleule bega likawaka moto. Sasa mwezi wa nane, ushungi nafungwa na binti yangu. Shemeji anasema nishukuru Mungu, nisijitie kwenye kesi na serikali ya watu. Nina haki? Na wakili nitamlipa nini?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mtulize shemeji: hugombani na mchanjaji. Sheria ya Marekani ya 1986 ilianzisha mpango wa fidia za chanjo. Kila dozi hukatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, na malipo hutoka humo. Kwenye karatasi mdaiwa ni Waziri wa Afya, mahakama iko Washington, na si lazima uthibitishe uzembe wa mtu.

Jeraha la bega liliingizwa kwenye jedwali la mpango huo, yaani orodha ya majeraha unayoyatambua, mwaka 2017. Sindano ikipigwa juu mno huukosa msuli, dawa ikaingia kwenye kiungo chenyewe. Wanachotazama: maumivu yaanze ndani ya saa 48, yawe kwenye bega hilohilo tu, ambalo awali lilikuwa zima, na yadumu zaidi ya miezi 6. Kwa maelezo yako, umo.

Ila nikuulize: daktari ulimwona lini, na aliandika nini? Wengi humeza vidonge vya maumivu miezi mitatu, halafu faili linasomeka "bega linauma tangu wiki jana". Hapo ndipo madai yanapofia. Chukua rekodi zote, pamoja na karatasi ya kazini inayoonyesha umechomwa mkono gani. Binti naye aandike kiapo kuhusu huo ushungi; msiuone mdogo.

Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000. Matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa kando. Wakili hulipwa na mpango, hata mkishindwa, mradi madai yalikuwa ya nia njema na yenye msingi. Akikudai asilimia ya fidia yako, mkimbie.

Una miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Na hakikisha kweli ilikuwa ya mafua: kama siku hiyo mkono huohuo ulichomwa na ya korona, niandikie upesi, maana hiyo ina mpango wake, muda ni mwaka 1 tu tangu sindano, na maumivu hawalipi.