Watu hawalindi maji kwa kusomewa sheria, waonyeshe chupa

Juzi kijana mmoja wa Musoma kaniandikia inboksi, anataka kuanzisha asasi ya kuelimisha jamii kulinda vyanzo vya maji, anauliza aandike proposo kwanza au asajili kwanza. Nikaanza kumjibu nikaona ujumbe unazidi kurefuka, nikasema bora niweke hapa hapa, maana najua mko wengi wenye ndoto hiyo.

Mimi nilianzia Mwanza, huku milimani kwenye mawe. Aliyeishi huku anajua, ukichimba choo hufiki mbali unagonga mwamba, shimo linajaa haraka, sasa mvua kubwa ikishuka usiku unasikia harufu tu, watu wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia kinyesi kiende na maji ya mvua. Uchafu wote ule unashuka na mitaro unaingia mto Mirongo, na Mirongo unapita katikati ya mji unamwaga Ziwa Victoria. Na huku juu kuna visima vifupi na chemchemi, bomba likikata ndiyo kimbilio letu.

Mkutano wa kwanza niliuandaa kisomi. Vipeperushi, projekta ya kuazima, nikawasomea Sheria ya Mazingira ya 2004 kwamba shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Walikuja watu 14. Hata nusu saa haijaisha baba mmoja kauliza posho iko wapi. Halafu mama mmoja muuza dagaa akasimama, "Mwanangu, kwenye hizo mita 60 nyumba yangu imo na ya jirani imo, sasa tukalale ziwani?" Ukumbi wote ukacheka. Nilirudi nyumbani nikalia, siwafichi.

Kilichogeuza mambo ni kichupa. Bwana afya mmoja alinipa vile vichupa vyenye dawa ndani, unatia maji unaacha siku moja mpaka mbili, yakigeuka meusi ujue kuna dalili ya kinyesi. Nikajaza kimoja maji ya ile chemchemi, ambayo kila mtu aliisifia kwamba maji yake ni matamu, ya baridi, maangavu ukiweka kwenye glasi unaona mpaka upande wa pili. Cha pili nikatia maji yaliyochemshwa. Nikaenda kwa yule yule mama wa dagaa nikamwomba anitunzie kabatini kwake. Kesho yake jioni kanipigia simu, nikamkuta ameketi mlangoni kashika kichupa, cheusi kama masizi ya sufuria. Hakusema neno muda mrefu, halafu akasema, "Haya ndiyo ninayowanywesha wajukuu zangu."

Mimi sikuhubiri tena. Yeye ndiye aliyekizungusha kile kichupa nyumba kwa nyumba, kanga kiunoni, na kwake hakuna aliyeuliza posho. Wakachangishana saruji, chemchemi ikajengewa, juu yake wakachimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, wafuaji nguo wakahamishiwa chini. Na maji ya kunywa wakaanza kuchemsha au kutia dawa ya Waterguard.

Sasa kuna jambo linaniuma mpaka leo. Wiki ya Maji ya mwaka uliofuata, Machi, wageni waliletwa kuiona chemchemi yetu, vichupa vyetu vikapangwa mezani, na tisheti zilizovaliwa ni za shirika lingine kubwa. Hatukutajwa hata kwenye salamu, na yule mama alikaa nyuma kabisa juani. Sijasahau.

Kwa hiyo mdogo wangu, proposo itakuja. Kikundi kisajili halmashauri, haina ugumu sana. Ila anza na maji ya watu wenyewe, wayaone kwa macho yao, na mpe kichupa yule anayekupinga kwa sauti kubwa kuliko wote maana huyo ndiye watu wanamsikiliza. Usimwaibishe mtu kwa choo chake, hajapenda kujenga juu ya mwamba. Nasema tena, waonyeshe. Na jamani tuache kuhesabu semina na picha za kurusha, ukiulizwa umefanya nini taja chemchemi, taja kisima, sema leo watu wangapi wanateka hapo na nani anapafagia.

Mimi nimebakiwa na vichupa vinne. Ukishapata mwenyekiti wa mtaa wa kukupokea huko Musoma niambie, viwili nitakutumia kwa basi.