Unakwenda kikao cha ng'ambo? Beba chupa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kyela alinitumia ujumbe. Amechaguliwa katibu wa jumuiya ya watumia maji, na hivi karibuni wanakwenda kukutana na wenzao wa Malawi kuhusu Mto Songwe, ule mto ambao ukihama baada ya mafuriko mtu anaamka na kukuta kipande cha shamba lake kiko nchi nyingine. "Kaka, niende na nini?" Nikamjibu: chupa. Akanirudishia alama tatu za kuuliza.

Basi haya ndiyo maelezo yake. Najua wengi mnaosoma hapa mna hamu kama ya kwake: kukaa meza moja na watu wa ng'ambo, mkazungumza mkasikilizwa. Mimi nilikuwa nayo kupita kiasi.

Kwetu ni Mto Mara, upande wa chini. Maji yanatoka msitu wa Mau, Kenya. Mito miwili, Nyangores na Amala, inaungana, mto unapita Maasai Mara, unakuja Serengeti, unatandaa kwenye mafunjo yetu, kisha unapita chini ya Daraja la Kirumi kuingia Ziwa Victoria. Ni karibu kilomita 400. Ukiishi mkiani mwa mto mrefu hivyo, kisingizio unazaliwa nacho: kila baya limetoka juu.

Nikachaguliwa kwenda kikao cha pamoja upande wa Kenya. Hotuba yangu niliiandaa wiki nzima, mke wangu akaisikia mpaka akaichoka. Tukavuka Sirari, tukapita Kisii, tukafika Bomet usiku. Siku ya kwanza ilikuwa utambulisho na ufunguzi, naiacha.

Siku ya pili nikasimama. Nikasema mmekata Mau, mnalima mpaka kwenye kingo, na sisi tunakunywa tope lenu. Nikatoa simu yenye picha za maji ya rangi ya chai ya maziwa, ikazunguka meza nzima. Nikakaa nikisubiri makofi.

Mama mmoja wa Kikipsigis, mtu mzima, akavaa miwani akaitazama simu yangu. Akauliza kwa upole, "Kijana, hizi picha ni za mwezi gani?" Sikumbuki, nikasema. "Mvua ilikuwa imenyesha?" Nikasema labda. "Na hapo uliposimama, hayo maji ni ya kwetu, au yamechanganyika na ya Talek?" Talek inaingia mtoni kule chini, mbugani, kilomita nyingi kutoka kwa huyo mama. Sikuwa na jibu. Halafu akaniuliza swali ambalo hata leo nikilikumbuka masikio yanapata moto: "Na wewe mwenyewe, unalima wapi?"

Nikasema, "Mbali na mto."

Mjumbe mwenzangu, jirani yangu kabisa, ambaye mara mbili aliniazima mashine ya maji nimwagilie nyanya zangu, akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi kirefu cha makusudi. Bustani yangu ilikuwa hatua ishirini kutoka majini. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60, na asubuhi ileile mimi ndiye niliyewatambia Wakenya kwamba kanuni zao za mita 6 hadi 30 ni za huruma mno. Sisi tulikuwa na mita 60 kwenye karatasi.

Jioni yule mama alinikaribisha kwake. Akanimiminia mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, yenye chembechembe za mkaa, hakutaja kikao hata kidogo. Mezani alikuwa amepanga chupa za nusu lita: moja ya Nyangores, moja ya Amala aliyoletewa na kijana wa Mulot, moja ya Talek iliyobebwa na mjumbe wa Narok. Tukaziacha zitulie usiku kucha. Asubuhi akachukua rula ya mjukuu wake akapima tope lililokaa chini. La Talek ndilo lililokuwa nene kuliko yote. La Nyangores, niliyoituhumu mbele ya watu, lilikuwa kama unene wa shilingi. Sisemi chupa tatu ni utafiti. Nasema mimi nilikwenda na mdomo, wao walikwenda na maji.

Kwa hiyo, dada yangu, beba chupa. Siyo picha. Picha haina tarehe ya mvua wala haina uzito. Andika siku, saa, mahali, na kama mvua ilinyesha jana yake. Chota palepale kila mara, siyo leo darajani kesho kwenye malambo ya ng'ombe. Na uwe umeanza kuchota kabla ya kugombana, kwa sababu Machi 2022 maji ya mafunjo yetu yalipogeuka meusi na samaki wakaelea, kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo, mitaani watu wakabisha, na jumuiya yetu haikuwa na chupa hata moja ya mwezi uliotangulia ya kuweka mezani. Tulibaki kupiga kelele. Beba chupa.

Niliporudi nikanunua daftari la kurasa 96. Kila Jumatatu saa moja asubuhi, jiwe lilelile. Watoto wakaniita Bwana Chupa. Daftari likajaa, nikalituma kwa picha kurasa zote, na kikao kilichofuata likawasilishwa. Bila mimi. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya wajumbe, na aliyesimama mbele aliziita chupa zangu "mbinu shirikishi ya ufuatiliaji". Niliona kwenye WhatsApp, na posho ya safari akala yeye. Nimesamehe, ingawa naona nimeliandika hapa.

Jamani, tusidanganyane. Makubaliano ya Kenya na Tanzania juu ya bonde hili yalitiwa saini 2015, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, na tangu 2012 tuna Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, nyumbu wakiwa bado wanavuka. Mimi huenda kila ninapoweza, fulana ninazo tatu. Lakini fulana haichoti maji! Ukitaka mwenzako wa juu aache kulima kingoni, anza kuhesabu hatua zako wewe. Ukitaka akuamini, mwonyeshe tope lako kwanza. Na jina la mtu mmoja wa ng'ambo kwenye simu yako lina faida kuliko kurasa kumi za maazimio.

Langu ni la yule kijana wa Mulot. Juzi saa nane usiku aliandika, "Amala imejaa, ondoeni vitu." Nikampigia jirani yangu, yule wa kikohozi, tukashuka na tochi kutoa mashine yake kabla mto haujafika kwetu.

Bustani yangu sasa iko hatua 80. Nilizihesabu mwenyewe, na yeye akazihesabu tena nyuma yangu.