Kiraka Juu ya Kiraka: Land Rover ya Zamani Ianziwe Wapi?

SWALI: Ndugu Mtaalamu, shikamoo. Marehemu baba alituachia Land Rover ya petroli, Series III ndefu ya mwaka 1976, ambayo ilikaa chini ya mwembe kwa miaka tisa. Nimeiwasha na inatembea, lakini nikikanyaga breki inavuta kulia, taa za mbele zinafifia zikiwashwa zote, na uvunguni kumejaa viraka vilivyochomelewa na mafundi mbalimbali. Fundi mmoja ananishauri niongeze bati nene kwenye chasisi, nipige rangi, kisha nifunge injini ya Toyota. Je, nimsikilize? *Msomaji, Iringa.*

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Nakuomba kwanza usiliendeshe tena gari hilo mpaka breki zitengenezwe. Gari likivuta kulia wakati wa kufunga breki, shaka ya kwanza ni gurudumu la mbele la kushoto kutofanya kazi yake. Mara nyingi nimekuta bomba la gurudumu linalovuja limekunjwa na kugongwa nyundo, au limezibwa kwa boliti, ili mwenye gari afike nyumbani, na msaada huo wa njiani ukaachwa hivyo kwa miaka. Fuata kila bomba kwa mkono kuanzia kwenye masta (silinda kuu ya breki) hadi kwenye gurudumu, kisha fungua dramu zote nne. Katika gari lako refu kila gurudumu la mbele lina silinda mbili za breki, kwa hiyo usitosheke na kuona moja inasukuma. Kama yaliwahi kutiwa mafuta ya injini badala ya mafuta ya breki, raba zote zitakuwa zimevimba, na hakuna namna isipokuwa kuzibadilisha zote, kusafisha mabomba, na kutoa hewa upya.

Sasa tuje kwenye chasisi, ambako ndiko gari hili litapona au litakufa. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Lakini chasisi, pamoja na ukuta unaotenganisha injini na abiria, vilibaki vya chuma hadi kwenye toleo lako. Watu huona bodi haina kutu wakadhani gari ni zima. Chasisi hiyo ni mabati ya unene wa karibu milimita 2 yaliyoungwa kuwa boksi refu lenye uwazi ndani, na kutu yake huanzia humo ndani, palipolala matope na maji, ikatokeza nje baadaye. Kwa hiyo anayechomelea bati nene juu ya tundu anafunika ugonjwa, tena anatengeneza mfuko mpya wa kutunza unyevu kati ya bati la zamani na lake. Gari la kwanza nililolifufua mimi mwenyewe lilikuwa hivyo: tulipokata kiraka cha juu tukakuta cha pili, na chini ya cha pili tukakuta magazeti yaliyoshindiliwa na kupakwa lami. Nilisikitika sana, kwa sababu aliyeliuza alikuwa akibebea wanafunzi.

Shika nyundo ndogo na bisibisi, ugonge chasisi yote hatua kwa hatua, hasa boksi la nyuma kabisa, mikono inayoshika bodi, na sehemu zinazofungwa springi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi ikizama, weka alama ya chaki. Kila kiraka kikatwe hadi kwenye chuma safi, kisha bati jipya la unene unaokaribiana na la asili liungwe pembeni kwa pembeni. Usikubali pande zote mbili zikatwe kwa wakati mmoja. Chasisi ikae kwenye stendi imara, na vipimo vya pembe kwa pembe vichukuliwe kabla na baada, kwani ikipinda hakuna fundi wa alaimenti atakayeinyoosha. Kabla ya kuchomelea, betri na alternata vitenganishwe, na tangi la petroli litolewe kabisa hata kama ni tupu, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa urahisi. Kazi ikiisha, matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, na nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya boksi. Aliyepachika vipande vya chuma kwenye bodi ya aluminiamu naye arekebishwe: metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe, hivyo weka raba au rangi nzito katikati.

Kuhusu taa, usikimbilie kununua balbu. Safisha kwanza mahali unapofungwa kwenye bodi waya mweusi wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, kwa sababu utando unaoota juu ya aluminiamu hupitisha umeme kwa shida. Kisha kagua fyuzi kama hazikubadilishwa kwa kipande cha waya, na ung'oe viungo vyote vilivyosokotwa na kufungwa utepe. Waya za kiwandani zina utaratibu: kahawia hutoka kwenye betri, mweupe hutegemea ufunguo, kijani hupita kwenye fyuzi baada ya ufunguo, na buluu ni wa taa kubwa. Ukikuta waya mwekundu umeungwa kwenye kahawia, ujue hapo alipita fundi wa kubahatisha.

Injini usiibadilishe. Hiyo ya lita 2.25 ni rahisi kuitengeneza. Pima mgandamizo wa silinda zote nne, weka nafasi ya valvu kuwa inchi 0.010, na urudishe themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, ikiwa iliondolewa, kama mafundi wetu wengi wanavyopenda kufanya gari likichemka. Injini yenye nguvu zaidi itaelemea giaboksi, na kwa kuwa namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, itakulazimu kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA). Fedha hiyo ipeleke kwenye chasisi, na rangi ije mwisho, baada ya gari kutembea miezi michache na wewe kuingia uvunguni tena na ile nyundo.