Kabla Hujavuka Bahari: Majibu kwa Wanaojiandaa Kusoma Ng'ambo

Barua nyingi nilizopokea mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinahusu masomo ya nje ya nchi. Nimechagua sita na kuzifupisha.

Nimekubaliwa katika chuo kikuu cha umma Ujerumani, na nimeambiwa huko hakuna karo. Mbona natakiwa niweke euro 11,904 benki? – Kijana wa Langoni, Lamu

Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, kwa hivyo tazama kwanza chuo chako kiko jimbo gani. Hizo euro 11,904 ni fedha zako mwenyewe za kula, kulala na bima kwa mwaka mmoja. Huwekwa katika akaunti maalumu iliyozuiliwa, nawe ukishafika huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 150 za Kenya kwa euro, hesabu yake inakaribia shilingi 1,786,000. Usitegemee kiwango cha leo pekee, kwani mapema mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Safari ile mabadiliko yalitufaa, lakini kaskazi haivumi mwaka mzima. Weka akiba ya ziada, angalau sehemu moja ya kumi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni desturi ya kuazima fedha za kuonyesha, ambazo viza ikishatoka mwenyewe huzitaka zirudi. Mwanafunzi hufika ugenini akiwa na karatasi inayosema kwamba ana matumizi ya mwaka mzima, ilhali mfukoni ana ya mwezi mmoja, na kwa kuwa siri hiyo ni ya ukoo mzima, hana wa kumwambia. Hapo njaa na upweke huja pamoja. Ikiwa fedha za mjomba zitarudi kwa mjomba, basi hesabu kwamba huna, uahirishe safari mwaka mmoja.

Mwanangu amepata nafasi Uingereza. Nina shamba dogo la minazi na bangili zangu za dhahabu. Niuze nini? – Mama wa Mkomani, Lamu

Bibi, kama ni lazima kuuza, uza bangili. Bei ya dhahabu ilivunja rekodi mara kadhaa mwaka 2025, na bangili unaweza kuzinunua tena ukijaaliwa, lakini shamba likishatoka mikononi mwa ukoo ni nadra kurudi, na nazi zake ndizo zinazowalisha wadogo wa mwanao. Kabla ya kwenda kwa sonara, hakikisheni mmeuliza gharama zote. Mbali na karo, Uingereza hutaka fedha za matumizi ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua, hutoza pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo kwa ajili ya huduma ya afya, nazo hulipwa kwa mkupuo wakati wa kuomba viza, na kwa kozi inayozidi miezi sita humtaka mwombaji kutoka Kenya apimwe kifua kikuu.

Kisha keti na mwanao, mfungue daftari, na mbele ya kila mchango mwandike neno moja: hiba au deni. Ami aliyetoa elfu hamsini ametoa hiba au amekopesha? Na bangili zako je? Najua kwetu kuulizana hivyo huonekana ni utovu wa adabu. Hata hivyo, mtoto asiyejua kama dhahabu ya mamake ni hiba au deni huibeba shingoni kila anaposhindwa mtihani, na akishindwa hatakupigia simu.

Nimefanya kazi hotelini miaka minne na Kiitaliano nakizungumza vizuri. Je, nitaweza kusoma Italia? – Msomaji wa Malindi

Utaweza, ila Kiitaliano cha ufuoni hakitoshi darasani, kwa hivyo jifunze kukiandika. Karo katika vyuo vya umma vya Italia hupangwa kwa kutazama kipato cha familia, na iko misaada ya masomo ya mikoa kwa wenye kipato kidogo, mradi hati za kipato zitafsiriwe na kuthibitishwa mapema. Tahadhari ni mbili. Malipo ya kwanza ya msaada huo aghalabu huchelewa kwa miezi, kwa hivyo nenda na matumizi ya mwanzo. Tena mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepewa msaada huo hutakiwa awe amepata angalau krediti 20 (vipimo vya masomo aliyofaulu) kufikia tarehe 10 Agosti. Ukishafika, omba kibali cha ukaaji ndani ya siku nane za kazi.

Naenda Hamburg. Sijawahi kulala mbali na mama. Naogopa upweke. – Binti wa Faza

Mwanangu, hofu yako ni ya haki. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg hutua mnamo saa kumi alasiri, na sala za adhuhuri, alasiri na magharibi huingia zote ndani ya muda wa saa nne. Mwili uliozoea jua la Faza hushtuka, na mtu hudhani imani yake au akili yake imepungua, kumbe ni giza tu. Toka nje mchana hata kama ni dakika ishirini, na utafute msikiti wiki ya kwanza, kabla hujauhitaji.

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza, mama alikuwa akiniuliza kila Ijumaa nimekula nini, nami nikamjibu wali wa nazi na samaki wa kupaka, huku mbele yangu pana kipande cha mkate na chai iliyopoa. Nilidhani namwondolea wasiwasi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa naogopa simu yake. Patana na mamako tangu sasa kwamba utamwambia kweli, naye asikuambie urudi kila utakapolia. Ulizia pia washauri wa wanafunzi chuoni, kwani huduma yao aghalabu ni bure na ni ya siri.

Je, kazi ya muda itanilipia masomo? – Msomaji wa Malindi

Haitalipia. Uingereza huruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na Ujerumani siku 140 kamili kwa mwaka. Kazi iwe kitoweo, wali utoke nyumbani.

Nibebe nini? – Kijana wa Shela, Lamu

Koti la baridi linunue hukohuko. Cheti cha kuzaliwa, cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) na barua ya chuo, vyote halisi wala si nakala, viwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya jalada la plastiki lenye zipu, maana mashua ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda huwarushia abiria maji.