Sauternes kwenye joto la Dar: jinsi ya kuichagua, kuionja na kuitunza

Nianze na msimamo wangu. Kama unaishi Dar na una hela ya chupa moja tu ya mvinyo wa heshima, nunua mtamu. Acha ule mwekundu wa Bordeaux unaotaka kulazwa miaka 20, acha na shampeni. Sukari nyingi, uchachu wa kutosha na kilevi cha asilimia 13 au 14 vikikutana kwenye chupa moja, mvinyo unapata ngao ambayo mwenzake mkavu, yaani usio na utamu, hana, na kwenye mji huu ngao inahitajika.

Ninaposema mtamu, weka dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, pembeni kwanza. Mimi ni mtoto wa Dodoma, dompo nalijua na silitukani. Lakini hapa nazungumzia Sauternes na ndugu zake, ambao utamu wao haukumiminwa na mtu kutoka kwenye mfuko wa sukari.

Sauternes inatoka vijiji vitano kusini mwa mji wa Bordeaux, Ufaransa. Pale mto mdogo wa Ciron, wenye maji ya baridi, unaingia kwenye Garonne ambao maji yake yana joto zaidi. Kuanzia Septemba mpaka Novemba ukungu hutanda asubuhi, na jua hutoka mchana na kuufukuza. Unyevu wa asubuhi unaotesha kuvu iitwayo Botrytis cinerea juu ya zabibu, na jua la mchana linaizuia isigeuke kuwa uozo wa kutupa jalalani. Kuvu hiyo inatoboa ganda, maji yanapotea, sukari na uchachu vinabaki vimejaa ndani. Punje inasinyaa na kuwa ya kahawia, yaani mchuuzi wa Kariakoo akikuletea zabibu ya namna hiyo mtagombana.

Shida ni kwamba punje hazisinyai siku moja. Wavunaji hupita kwenye shamba lile lile tena na tena, wiki baada ya wiki, wakichuma zilizo tayari na kuacha nyingine. Juisi yake ni nzito, inachachuka polepole, na chachu inachoka kabla haijamaliza sukari. Ndiyo maana zinabaki gramu 100 na zaidi za sukari kwa lita. Kisha mvinyo unakaa kwenye mapipa ya mwaloni, mara nyingi mwaka mmoja na nusu mpaka mitatu. Pale Château d'Yquem, shamba maarufu kuliko yote ya Sauternes, husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa glasi moja tu. Sasa bei unaielewa.

Yquem ndiyo iliyowekwa peke yake juu ya mashamba yote ya mvinyo mtamu madaraja ya Bordeaux yalipopangwa mwaka 1855. Chupa moja inaweza kulipa kodi ya chumba Sinza kwa miezi kadhaa, kwa hiyo matapeli nao wanaipenda. Kitu kimoja cha kukariri: mwaka ukiwa mbaya, Yquem hawatoi mvinyo wao mtamu kabisa. Hakuna wa 1972, 1974, 1992 wala 2012. Mtu akikuletea Yquem tamu ya 2012 kwa bei ya kishikaji, mshukuru, rudi nyumbani.

Binafsi siwashauri watu waanzie huko. Suduiraut, Guiraud na Coutet ni majina ya daraja linalofuata, na yanatosha kabisa kukufundisha. Tafuta chupa ndogo ya mililita 375. Kipimo cha mvinyo huu ni kidogo, hivyo chupa ndogo inahudumia watu watano au sita bila kunung'unika. Ukiikosa Sauternes kwenye maduka ya Masaki na Oysterbay, ulizia Vin de Constance ya Klein Constantia, Afrika Kusini. Huo hautegemei kuvu. Zabibu za Muscat huachwa kwenye mzabibu mpaka zianze kukauka. Napoleon aliletewa mvinyo wa Constantia alipokuwa amefungwa kisiwani St Helena, na mimi kwa bei yake naona ni bora kuliko Sauternes nyingi. Wapenzi wa Ufaransa watanisamehe.

Kabla hujalipa, ikague chupa. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au shingoni kuna alama za kunata, mvinyo umepigwa na joto mahali fulani, pengine ndani ya kontena. Rangi nayo inasema. Sauternes ya zamani kuwa na rangi ya kaharabu ni kawaida, lakini ya miaka mitatu ikiwa kahawia, iache. Kuna duka moja mjini, silitaji, wanapanga chupa hizi dirishani jua la alasiri likiwaka juu yake. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hiyo ni pambo, inavutia wateja." Inavutia kweli, ila usinunue pambo.

Kuonja. Ipoze mpaka nyuzi 8 hadi 10, ingawa vitabu vitakuruhusu kufika 12. Kwetu glasi inapata joto kabla hujamaliza salamu, na utamu ukiwa wa vuguvugu unachosha ulimi. Mimina kidogo, rudisha chupa kwenye friji. Nusa kwanza: ganda la chungwa, asali, tangawizi, na kwenye chupa nzuri zafarani, ile ile ya biriani. Ukiwa mdomoni usiuhukumu kwa utamu wa mwanzo, subiri mwisho. Mvinyo mzuri unaacha uchachu unaosafisha kinywa, kama asali ya nyuki wadogo inavyotofautiana na asali ya kawaida. Ukibaki unatamani maji, basi ni sukari tu.

Na jamani, msiunywe na keki. Kitafunwa kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka kuwa maji ya limau. Kaimati za shira, halua na visheti vinaua Sauternes palepale. Wafaransa wanaunywa na jibini la Roquefort kwa sababu ya chumvi, na chumvi tunayo: korosho za kukaanga ni mwenza wake wa asili. Kuku wa nazi mwenye pilipili naye anakubali vizuri sana. Shemeji yangu, ambaye hanywi kitu kisicho bia, aliumaliza na mishkaki akataka kujua unauzwa wapi.

Sasa kuhifadhi. Mvinyo unapenda nyuzi 12 au 13 zisizobadilika, na chumba cha kawaida Dar kinafika 30 bila jasho. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakaribia kuongeza mara mbili kasi ya mabadiliko ndani ya chupa. Kwa hiyo kabatini unauzeesha upesi, na vibaya. Friji ndogo ya mvinyo yenye stabilaiza inatosha. Ijaze, hata kwa chupa za maji kama mvinyo ni mchache, kwa sababu friji iliyojaa inashika baridi muda mrefu umeme ukikatika, na usiifungue mpaka urudi. Laza chupa ili kizibo kisikauke. Lebo zifunge na nailoni nyembamba, maana unyevu wa pwani unazitafuna. Kama huna friji hiyo, droo ya chini ya friji ya kawaida inafaa kwa mwaka mmoja au miwili. Wanaotaka kuuweka miaka 30, wamwachie ndugu aliyeko nchi ya baridi. Ukishafunguliwa, rudisha kizibo, weka kwenye friji: wiki nzima hauna shida, mara nyingi hata mbili.

Wengine wananiuliza kama tunaweza kutengeneza wetu. Kwa njia ya kuvu, hapana. Dodoma ni kukavu mno. Kwa njia ya kukausha, ndiyo, na Chenin Blanc inalimwa pale, zabibu ile ile inayotoa mvinyo mtamu bonde la Loire. Ukijaribu kwa matumizi ya nyumbani, zianike Dodoma, kivulini juu ya chanja, mpaka zipoteze kama theluthi ya uzito. Usizilete Dar mbichi ukazianika huku, zitaoza. Kamua, chachusha kwa chachu ya mvinyo, na utamu ukifika unapopenda, ingiza kwenye baridi kali kisha imimine bila kutibua mashapo. Usiitoe kwenye friji tena, kwa kuwa chachu iliyobaki itaamka na chupa ya kioo itapasuka. Mimi natumia chupa za plastiki za soda. Nikiibonyeza nikaikuta ngumu, naifungua taratibu juu ya sinki.